Bei ya kwanza, mkeka na dawa ya jirani: kwa nini tunakosea kwa namna ile ile?

#1 Mwanakijiji wa Bombo

Wanajamvi, salaam. Naleta hoja, anayepinga apinge.

Mtu akikosea makadirio leo akazidisha, kesho akapunguza, hilo ni kosa la kawaida, mwisho wa mwezi linajisawazisha. Ninachokiona mimi ni kingine. Tunakosea upande ule ule kila siku, msomi na asiyeingia darasani. Bei ya kwanza ikishatajwa sokoni, mazungumzo yote yanaizunguka hiyo. Jirani akipona homa baada ya kunywa mzizi fulani, mtaa mzima unauchemsha mzizi, na waliokunywa wasipone hakuna anayewahesabu. Mwanasiasa wa chama chako akivurunda ana sababu zake, wa chama kingine akivurunda ni mwizi. Kama ni ujinga tu, mbona unafuata mpangilio?

Nauliza chanzo. Ubongo umeumbwa hivyo, ni malezi, ni shida za maisha, au wapo wanaotuvuta makusudi kwa faida yao?

#2 Mama Mivumba

Ya bei niachieni mimi, ndiyo kazi yangu. Nauza makoti ya mitumba Owino, soko letu la Kampala, Uganda.

Mteja akishika koti sitaji bei haraka. Namwacha aligeuze, avute zipu, anuse kola. Akiuliza nasema shilingi 80,000. Koti lenyewe nikilitoa kwa 35,000 nimerudisha hela ya belo na faida yangu ipo. Yeye atacheka, "nyabo (mama) unaniua", kisha atataja 50,000. Hiyo 50,000 ameitoa wapi? Haikuandikwa kwenye koti. Ameitoa kwenye 80,000 yangu. Koti la namna ile ile nikianza na 50,000, mtu wa namna ile ile ananitajia 25,000 na tunanuniana.

Wanaonisumbua ni wachuuzi wa Kikuubo, mtaa wa jumla wa hapa Kampala. Hao hawaulizi. Wanafika, wanashika, "elfu 20 nachukua, hutaki naenda". Hapo najikuta mimi ndiye ninayepanda kidogo kidogo kutoka kwenye 20 yao.

#3 Afande Mstaafu

Mama #2, umeeleza vizuri ila hujathibitisha hoja ya Mwanakijiji. Mteja hajui koti limekuja kwa bei gani. Wewe unajua. Ukisema 80,000 umempa habari, naye ameitumia. Mtu asiyejua njia akimfuata anayeijua hatumuiti mwenye akili mbovu. Hapo pana ukosefu wa taarifa, basi.

#4 Mwanakijiji wa Bombo

Afande, heshima yako. Ingekuwa taarifa tu, jaribio hili lisingetoa jibu lililotoa.

Amos Tversky na Daniel Kahneman, wanasaikolojia kutoka Israeli, walilieleza mwaka 1974 katika jarida la Science. Gurudumu la bahati lenye namba hadi 100 linazungushwa mbele ya macho yako. Limetegwa lisimame kwenye 10 au 65 tu. Kisha unaulizwa: nchi za Afrika ni zaidi au pungufu ya asilimia hiyo ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Sasa taja asilimia yako. Waliotokewa na 10, jibu lao la katikati lilikuwa 25. Waliotokewa na 65, lilikuwa 45. Gurudumu halijui chochote kuhusu Afrika, na kila mtu aliona ni bahati nasibu. Taarifa iko wapi hapo?

Kwa kazi hizo wote wawili walipata Nobel ya uchumi mwaka 2002.

#5 Mwalimu wa Mbale

Rekebisho dogo #4: Tversky alifariki 1996, na Nobel hawapewi waliokwisha kufa. Mwaka 2002 aliyepewa ni Kahneman pamoja na Vernon Smith, ambaye alikuwa na kazi yake tofauti. Kahneman naye alifariki Machi 2024.

Sasa ule mzizi wa jirani. Kahneman aliwahi kuwafundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israeli. Wakamwambia: ukimsifu kijana aliyerusha ndege vizuri, safari inayofuata anaharibu, ukimfokea aliyeharibu, inayofuata anapatia. Wao wakaona ukali ndio unaofunza. Akawaonyesha kwamba anayefanya vizuri kupita kiasi chake, mara ijayo atashuka hata usipomsifu, na aliyeharibu kupita kiasi chake atapanda hata usipomfokea.

Shuleni naliona kila mwaka baada ya moku (mtihani wa majaribio) ya S.4, kidato cha nne. Aliyeanguka vibaya anachapwa maneno na mzazi, mtihani wa mwisho anapanda, mzazi anatembea kijiji kizima akisema maneno yake yalifanya kazi. Na kwa mganga ni vile vile. Watu wanakwenda lini? Siku homa imefika juu kabisa. Baada ya kilele kuna nini kama si kushuka? Mzizi unachukua sifa ya mwili.

#6 Dereva Malaba

Naongeza ya barabarani. Septemba 2022 Ebola ilipotangazwa Mubende, wenzangu kadhaa walikataa mizigo ya upande ule hata kwa nauli nono. Watu hao hao wanaendesha Malaba hadi Kampala usiku, macho yamejaa usingizi, taa moja haiwaki, na hawaoni hatari. Ebola ile iliua watu 55 waliothibitishwa. Barabara zetu zinaua zaidi ya 4,000 kwa mwaka kwa hesabu za polisi wenyewe. Tunaogopa kinachotangazwa redioni, kile tulichokizoea kinatuzika kimya kimya.

#7 Musawo Gulu

Dereva, namba zako ni sawa lakini hitimisho silikubali. Waliothibitishwa kuugua walikuwa 142, wakafa 55. Hiyo ni zaidi ya mmoja kwa kila watatu. Ilikuwa aina ya Sudan, na wakati ule haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Oktoba wilaya za Mubende na Kassanda zikafungwa, na Januari 2023 mlipuko ukatangazwa umekwisha.

Kwa nini walikufa 55, wasife 5,000? Moja ya sababu ni kwamba watu waliogopa. Walikaa mbali, waliacha kuosha maiti, walipiga simu kuripoti. Ajali haiambukizi. Mtu akigongwa Tororo leo, kesho hawagongwi watu wawili kwa sababu yake. Kwa hiyo kulinganisha hesabu ya mwisho ya ugonjwa uliozuiwa na ya barabara ni kupima vitu viwili kwa kipimo kimoja. Woga mwingine mnaouita upotofu ni hekima ambayo haikupata nafasi ya kujieleza.

Lakini taa isiyowaka tengenezeni.

#8 Jinja Boy

Na sisi wa mikeka ya kubeti mmetusahau? Kwenye kibanda cha kubeti mtaani kwetu kuna mzee ana kanuni moja: timu ikifungwa mechi 5 mfululizo, ya 6 lazima ishinde, "zamu yake imefika". Anaijazia hela. Nilisoma kisa cha kasino ya Monte Carlo 1913: mpira wa ruleti, kamari ya gurudumu lenye nyekundu na nyeusi, uliangukia nyekundu mara 26 mfululizo, watu wakamwaga mamilioni wakiamini nyingine imechelewa.

#9 Fundi Redio, Arua

Ilikuwa nyeusi, Jinja Boy. Iliangukia nyeusi mara 26, Agosti 1913, na watu waliifilisikia nyekundu. Kisa ni kile kile.

Ila nina swali kwa mzee wako. Ruleti haina kumbukumbu. Timu ya mpira inayo: kocha anabadilishwa, mshambuliaji anapona goti. Je, si kweli kwamba timu iliyofungwa mara 5 inacheza kwa hasira?

Na tahadhari moja juu ya wataalamu. Mwaka 1985 Gilovich na wenzake, Tversky akiwemo, walitangaza kwamba mchezaji wa kikapu "aliyeshika moto", yaani akifunga mfululizo ndio atazidi kufunga, hayupo, mashabiki wanaona mpangilio pasipo mpangilio. Zaidi ya miaka 30 ikapita tukifundishwa hivyo. Mwaka 2018 Miller na Sanjurjo wakaonyesha kwamba hesabu ya wale wakubwa ilikuwa na mtego ndani yake, na ukiurekebisha, dalili za moto zinaonekana. Mashabiki walicheka.

#10 Jinja Boy

Fundi, nashukuru kwa nyeusi. Lakini usimpe mzee nguvu, ameshauza mbuzi. Mwaka 2019 serikali ilisema haitatoa leseni mpya za kubeti, na vibanda bado viko kila kona.

#11 Mtoto wa Sebei

Huku Kapchorwa tuna la kwetu. Mwaka 2020 Cheptegei alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kule Monaco, 12:35.36, na miezi miwili haijaisha akavunja ya 10,000 kule Valencia, 26:11.00. Tangu hapo ukipita alfajiri barabarani utafikiri kuna msiba, vijana wote wako nje wanakimbia. Wapo walioacha shule kabisa.

Kila baba anamtaja Cheptegei, anamtaja Kiprotich aliyechukua dhahabu ya marathoni London 2012. Hakuna anayemtaja jirani yetu aliyekimbia miaka yote ya ujana, akaumia mfupa wa muundi, leo anachimba viazi vya watu. Yupo hapa hapa, tunamwamkia kila siku, lakini katika hesabu ya "kukimbia kunalipa" hayumo.

Ni kama zile ndege za Vita ya Pili. Wamarekani walitazama ndege zilizorudi, wakataka kuimarisha bati palipo na matundu mengi. Mwanahisabati Abraham Wald akawafundisha kuhesabu pia zile ambazo hazikurudi: palipokosa matundu ndipo zilipopigwa zilizoanguka.

#12 Mama Mivumba

Mtoto wa Sebei, wewe mwenyewe unakimbia?

#13 Mtoto wa Sebei

Mama, kila asubuhi. Na shule sijaacha.

#14 Mkulima Mukono

Hili la kutazama kilicho mbele ya macho limetunyonya wakulima wa vanila mara mbili kwa macho yangu.

Mwaka 2000 kimbunga Hudah kilipiga Madagaska, wazalishaji wakubwa kuliko wote. Bei duniani ikapaa, kufika 2003 kilo ilikuwa hela ya kujengea. Kila mtu Mukono akapanda. Mche wa vanila unahitaji kama miaka mitatu kabla ya kuzaa, na ua lake unalichavusha kwa mkono, moja moja, asubuhi kabla halijanyauka. Walipoanza kuvuna, Madagaska imeshasimama, bei ikaporomoka, watu wakang'oa wakapanda mihogo. Machi 2017 kikaja kimbunga Enawo. Bei juu tena, watu wakalala shambani na mapanga kulinda maganda, wengine wakavuna machanga kwa kuogopa wezi. Waliong'oa wakapanda upya. Mnajua kilichofuata.

Bei ya leo inasemwa kwa sauti kubwa, bei ya miaka mitatu ijayo haina msemaji. Na mtu hupandi kwa bei ya leo, unapanda kwa bei ya siku ya kuvuna.

#15 Afande Mstaafu

Mkulima, hiyo ni kweli tupu. Lakini narudi pale pale #3. Mkulima wa Mukono angejuaje hali ya mashamba ya Madagaska? Hakuwa na simu wala takwimu. Mnamlaumu kwa kutojua.

#16 Mkulima Mukono

Afande, mara ya kwanza nakubali. Mara ya pili tulijua. Baba yangu aling'oa kwa mikono yake, na mwaka 2017 alikuwa wa kwanza kununua miche.

#17 Msomaji wa Makerere Hill

Naona wengi mnaelekea kwenye "ubongo umeumbwa vibaya". Kuna wanaopinga kwa nguvu. Mjerumani Gerd Gigerenzer anasema njia za mkato za akili ni zana nzuri, mradi zitumike mahali pake. Yeye na Goldstein waliuliza: kati ya San Diego na San Antonio, mji upi una watu wengi? Wanafunzi wa Chicago, karibu theluthi mbili walipatia. Wajerumani walipatia wote, ingawa walijua machache kuliko wale wa Chicago. Wengi wao hawakuwahi kuisikia San Antonio, basi wakachagua waliousikia. Kutojua kuliwasaidia.

Halafu tujiulize majaribio haya yalifanywa kwa nani. Joseph Henrich na wenzake mwaka 2010 walionya kwamba saikolojia imewapima zaidi wanafunzi wa vyuo vya Magharibi, kisha ikasema "binadamu". Mteja wa Owino anabishana bei kila wiki tangu utotoni. Mwanafunzi wa Oregon, Marekani, amezoea bei iliyobandikwa. Kwa nini tudhani wanavutwa sawa?

#18 Mwanakijiji wa Bombo

Msomaji, hapo umenipa kazi. Ila hili la bei ya kwanza limerudiwa mara nyingi. Mwaka 2014 timu kubwa ilirudia majaribio 13 ya saikolojia katika makundi 36 ya washiriki. Mengine yalianguka, kuvutwa na namba ya kwanza kukasimama tena kwa nguvu. Kweli, wengi walikuwa Wamarekani. Lakini ushahidi wa Mama #2 ni wa Owino, na unakwenda njia ile ile.

#19 Muwa wa Busoga

Mbona hakuna aliyetaja njaa? Mwaka 2013 Mani, Mullainathan na wenzao walichapisha utafiti wa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Mkulima yule yule alipimwa kabla ya mavuno, mfuko mtupu, na baada ya mavuno. Kabla ya mavuno alifanya vibaya zaidi kwenye maswali ya kufikiri. Mtu hakubadilika, mfuko ndio uliobadilika.

Huku Busoga muwa unakaa shambani mwaka na nusu hivi. Mwezi wa mwisho kabla ya kukata, ada ya shule imeitwa, mtoto anaumwa, ndipo dalali anapofika na hela mkononi kununua muwa ungali umesimama. Mtu anauza kwa nusu. Ukimuuliza baada ya mavuno anakupigia hesabu sahihi bila kalamu. Basi tusiite upotofu wa akili kitu ambacho ni uzito wa madeni.

#20 Nyabo Mhasibu

Muwa #19, kwa maskini naafiki. Lakini nakagua vitabu vya SACCO, na wenye hela nao wana yao. Mwanachama ana jengo limekwama kwenye linta. Mchanga wa pale ni wa kinamasi, fundi amemwambia ukuta utapasuka. Anakopa tena kuendeleza. Kwa nini? "Nimeshaweka milioni 40, siwezi kuziacha." Milioni 40 zimekwenda, ajenge asijenge. Swali ni moja tu: mkopo mpya utazaa nini?

Arkes na Blumer, mwaka 1985, waliwauzia watu tikiti za msimu wa tamthilia katika chuo kimoja cha Ohio. Bila wao kujua, baadhi walipunguziwa bei kwa bahati nasibu. Nusu ya kwanza ya msimu waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi, ingawa tamthilia ni zile zile.

Ila mimi nina maelezo yangu: ni majirani. Ukisimamisha jengo, kila anayepita anaona nguzo zako zinaota kutu na anajua umeshindwa. Ukiendelea kukopa, hakuna anayeona deni. Mtu anajenga ili asisemwe, na kwa heshima yake hilo lina faida halisi. Niambieni ni upotofu wa nani, wake au wetu tunaosema?

#21 Musawo Gulu

Nyabo, hilo la mwisho limenigusa. Ninawaona wagonjwa wanaoendelea na dawa isiyofaa kwa sababu ukoo ulichanga kuinunua. Kuiacha ni kuwatukana waliochanga.

#22 Msomaji wa Makerere Hill

Na kwenye siasa ya #1 kuna maelezo mengine kabisa. Mwaka 1960 Peter Wason aliwapa watu namba 2, 4, 6, wabuni kanuni kwa kupendekeza namba nyingine tatu. Wengi walidhani ni kupanda kwa mbili mbili, wakajaribu 8, 10, 12, wakaambiwa sawa, wakaridhika. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Wachache ndio waliojaribu kitu ambacho kingewaangusha.

Mercier na Sperber, 2011, wanasema akili ya kujenga hoja haikuumbwa kumtafutia mtu ukweli akiwa peke yake, iliumbwa kwa kushawishi na kubishana. Kwa hiyo kila mmoja kuvutia kwake si ubovu. Ubovu ni kuamua peke yako chumbani bila wa kukupinga.

#23 Afande Mstaafu

Hapo kwenye kupingwa nitatia saini. Jeshini kabla ya kutoka kwenda kwenye operesheni, ofisa mmoja alikuwa anapewa kazi ya kuwa adui. Anavunja mpango mbele ya mkubwa, na hakasirikiwi. Wakati mwingine mpango ulikufa mezani. Uraiani sijaona mke, wakala wa kiwanja wala kamati ya harusi inayoweka mtu wa namna hiyo.

#24 Mama Mivumba

Afande, kamati ya harusi ukileta adui utapigwa viti.

Mimi nawaambia wanangu: andika bei yako kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani, iweke mfukoni. Ukisikia 80,000, gusa mfuko kwanza.

#25 Fundi Redio, Arua

Na aliyeandika karatasi hiyo hajui bei ya koti, kaandika nini? Kaandika bei aliyoisikia kwa rafiki yake juzi. Namba ya kwanza ni ile ile, imehamia mfukoni tu.

#26 Mwalimu wa Mbale

Badala ya kubishana juu ya wanafunzi wa Oregon, nitajaribu kwa wangu wa S.3 kabla ya mapumziko. Nusu ya darasa nitawauliza: Mlima Elgon unazidi mita 1,000? Nusu nyingine: unazidi mita 9,000? Kisha kila mmoja aandike urefu wake.

#27 Mtoto wa Sebei

Mwalimu, hao wanauona Elgon dirishani na wameukariri, mita 4,321. Tafuta kingine.

#28 Mwalimu wa Mbale

Sawa. Urefu wa Mto Nile, basi: kundi la kushoto kilomita 2,000, la kulia kilomita 12,000.

#29 Nyabo Mhasibu

Weka na kundi la tatu lisilotajiwa namba yoyote, Mwalimu. Bila hilo hutajua ni kundi lipi limevutwa na kwa kiasi gani. Na namba wazichomoe wenyewe kwenye kofia, kila mtu akiona, ili Afande asije akasema mwalimu amewapa taarifa.

#30 Afande Mstaafu

Zikichomolewa kwenye kofia, nakubali matokeo yoyote yatakayokuja. Ila wapimwe tena wakishakula chakula cha mchana, tumjibu na Muwa wa Busoga.